Bastola ya chuma na teke lake

Wasema bastola ya fremu ya chuma, yaani mwili wake wa chini wenye mpini, yarusha mkono zaidi ya ile ya plastiki. La sheikh, ni kinyume, inarusha kidogo. Chukua CZ 75, ile bastola ya chuma ya Wacheki ya 1975, inakaribia kilo 1, Glock 17 ya fremu ya plastiki iko chini sana ya hapo na zote zala risasi ileile ya 9 mm, sasa ule uzito ndo unaomeza teke, ule msukumo wa nyuma ukipiga, mdomo hauruki sana na risasi ya pili wairudisha kwenye shabaha upesi. Nimeibeba kazini miaka, kiunoni ni mzigo kwelikweli, lakini mkononi imetulia. Kulenga lakini si chuma, ni vile bomba na slaidi, kile kipande cha juu kinachorudi nyuma ukipiga, zinavyokamatana zikifunga, na kifyatulio chenyewe. Ukiianza nyundo ikiwa chini mvuto wa kwanza ni mrefu na mzito, wengi ndo hapo wanapopiga chini ya shabaha, wa pili mwepesi. Tena slaidi yake imezama ndani ya fremu, pa kushika ni padogo, vidole vikiwa na jasho au mafuta yateleza.

Kudumu yadumu, springi tu ubadilishe kabla haijachoka. Shida ni huku kwetu Malindi, upepo wa chumvi, ukiiacha kwenye ala ya ngozi siku mbili tatu kutu yaanzia kwenye skrubu za mpini na chini ya saiti ya kulengea. Ifute na mafuta kila jioni hata kama hukupiga. Na leseni ya bodi ya silaha kwanza, hilo halina mjadala.