Msimbo wa zlib kwenye Debian na Ubuntu

Unatafuta msimbo chanzo wa zlib (maktaba ya kubana na kufungua data) na umesakinisha kifurushi cha zlib1g-dev? Hapana, hicho hakikupi msimbo chanzo. Kinaleta vitu kama zlib.h na libz.a, vya kukompailia programu yako, ndiyo maana huoni mafaili kama inflate.c humo. Msimbo wenyewe unaletwa na

apt source zlib

Usiweke sudo mbele, la sivyo mafaili yanaweza kuwa mali ya root (msimamizi wa mfumo) na utahangaika kuyahariri. Kabla ya hapo sakinisha dpkg-dev, maana ndiyo inayofungua kifurushi na kubandika viraka (marekebisho ya msimbo) vya debian/patches. Apt ikilalamika kuhusu deb-src (vyanzo vya kupakua msimbo), fungua /etc/apt/sources.list.d/ubuntu.sources (Ubuntu 24.04), pale penye "Types: deb" ongeza deb-src, kisha sudo apt update. Mifumo ya zamani unaondoa alama ya # kwenye mistari ya deb-src ndani ya /etc/apt/sources.list.

Ukishaingia kwenye folda, usianze kusoma faili la kwanza hadi la mwisho, utachoka bure. Anza na zlib.h: maelezo yake ni mazuri mno, kila fanksheni imeelezwa inapokea nini na inarudisha nini. Kisha fuata fanksheni moja tu, mfano inflate, inayofungua data iliyobanwa:

grep -n "ZEXPORT inflate(" inflate.c

Hapo unapata namba ya mstari inapoanzia.

Angalizo: apt source huchukua toleo jipya lililopo kwenye hazina ya vifurushi, si lazima liwe lile ulilosakinisha. Kama unasaka hitilafu, linganisha kwanza na dpkg -l zlib1g.