Kupinga tochi ya pikipiki mahakamani, nilivyopambana mimi

Mkuu uliyeuliza, kwa ambao hawajaliona swali lako nalirudia kidogo: uko na pikipiki ya Boxer, umepigwa tochi (kile kipimo cha mwendo cha trafiki) kwenye eneo la mwisho kilomita 50 kwa saa, trafiki anasema ulikuwa 71, wewe una uhakika hukufika huko, umeambiwa ulipe au uende mahakamani, na wadau karibu wote wamekwambia lipa tu usijisumbue. Mimi nilikataa kulipa, nikaenda mpaka kwa hakimu na nikaachiwa, kwa hiyo ngoja nikujibu kwa urefu maana majibu mengi uliyopewa ni ya watu ambao hawajawahi kusimama kizimbani kwa kesi ya namna hii.

Cha kwanza elewa ile karatasi uliyoandikiwa ni kitu gani. Sio hukumu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inampa askari nafasi ya kukuandikia faini badala ya kukufikisha mahakamani, maana yake anasema mimi naona umetenda kosa, ukikubali lipa yaishe hapa hapa, kama hukubali tutaenda kwa hakimu. Ukishalipa umekubali kosa na mlango umefungwa, hamna cha kulipa leo "ili nisisumbuliwe" alafu wiki ijayo uende kupinga. Kwa hiyo kama una nia ya kupinga usiguse ile kumbukumbu namba ya malipo, na pale barabarani usisaini sehemu ya kukiri, mwambie afande kwa heshima kabisa kwamba hukubaliani na unaomba jambo liende mahakamani. Kwa heshima nasisitiza. Niliona jamaa siku ile ile anapayuka na kutukana, akajikuta ana kosa lingine juu ya lile la spidi.

Najua hesabu ya elfu kumi. Tangu bajeti ya 2021/22 faini ya bodaboda na bajaji ilishushwa kutoka elfu thelathini kwa kosa mpaka elfu kumi, na hapo ndo watu wengi wanaona bora walipe, maana nauli ya kwenda mahakamani na kazi ya siku nzima unayoikosa inazidi hiyo hela. Kama unaangalia hela peke yake lipa, sitakulaumu. Ila mimi nilikuwa na pikipiki ya mkataba, deni linakaa kwenye namba ya pikipiki sio kwenye jina langu, tajiri akiangalia kwenye mfumo anaona chombo chake kina madeni ya mwendo kasi na mkataba wenyewe una kipengele cha kunyang'anywa chombo ukikutwa unakimbiza. Nilikuwa nimebakiza kidogo pikipiki iwe yangu. Sasa kwa kosa ambalo sikulifanya nikubali kwa maandishi kwamba nimelifanya? Hapana.

Ilivyokuwa ni hivi, nilikuwa nimebeba abiria na gunia la mkaa nyuma, nimetoka kwenye rasta, yale matuta madogo madogo ya barabarani, ndo naanza kuvuta mwendo, gari aina ya Noah nyeupe ikanipita kwa kasi upande wa kulia, mbele kidogo nikasimamishwa mimi na Noah ikaenda zake. Afande aliyenisimamisha hakuwa na tochi mkononi, tochi ilikuwa na mwenzake nyuma huko, yeye alikuwa na simu tu, akanionyesha picha ya WhatsApp ina namba 73 juu yake. Nikaangalia ile picha vizuri, na wewe nakushauri ukionyeshwa usikimbilie kubishana, iangalie. Pikipiki ilikuwa imepigwa kwa mbele. Pikipiki yangu ina plate namba nyuma tu, kwa hiyo kwenye picha hamna namba ya chombo popote. Na Noah ilikuwa inaonekana pembeni yangu, imeanza kunipita. Nikamuomba ruhusa nipige picha skrini ya simu yake, akakataa, basi nikaandika kwenye simu yangu muda, mahali, rangi ya Noah, nilichokiona kwenye picha, na nikachukua namba ya abiria wangu. Abiria huyo ndo alikuja kuwa shahidi wangu, kwa hiyo usimwache abiria aondoke hivi hivi.

Hapa nieleze tochi kidogo maana humu kuna imani nyingi. Zipo za rada na zipo za leza. Ya rada mawimbi yake yanatanuka kadri yanavyoenda mbali, ni kama unavyomulika tochi ya kawaida ukutani, ukisogea nyuma duara linakua, ikifika mita mia tatu inafunika barabara nzima na vilivyo pembeni, na kinachorudisha mawimbi kwa nguvu ni kitu kikubwa chenye bati jingi. Kati ya Noah na Boxer unajua kipi kitarudisha zaidi. Ya leza ni nyembamba sana, kwa umbali huo inakuwa na upana wa kama mita moja hivi, kwa hiyo inaweza kuchagua chombo kimoja, lakini pikipiki yenyewe ni nyembamba na mkono wa binadamu unatikisika, gari likiwa ubavuni kwako lazima aliyeshika aeleze alilenga nini. Kwa hiyo cha kuuliza ni ilikuwa tochi ya aina gani, umbali ulikuwa mita ngapi, na kulikuwa na chombo kingine karibu.

Ile hoja ya "alinipiga kwa pembeni ndo maana imesoma kubwa" achana nayo kabisa. Askari aliyesimama akikupiga kwa pembe, kipimo kinasoma pungufu ya mwendo wako halisi, hakisomi zaidi. Ukiitoa mbele ya mtu anayejua umejichimbia shimo. Vilevile "mshale wangu ulikuwa 45" peke yake haikusaidii, ni neno lako tu.

Kituoni niliandikwa maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa polisi. Soma kila mstari kabla ya kusaini, mimi nilikuta imeandikwa "nilikuwa naendesha kwa mwendo kasi" wakati nilisema naendesha nikitoka kwenye rasta, nikaomba kirekebishwe na kikarekebishwa bila ugomvi wowote. Una haki ya kunyamaza pia, na una haki ya dhamana, kosa la spidi linadhaminika. Andaa mtu mwenye kitambulisho cha NIDA na barua ya serikali ya mtaa mapema maana ukiitafuta siku hiyo hiyo mwenyekiti atakuwa hayupo.

Mahakamani mara ya kwanza ni kusomewa shtaka tu. Unaulizwa kweli au si kweli. Watu wanapotea hapa, anajibu "ni kweli mheshimiwa ila sikuwa nakimbia sana" au "ni kweli nilisimamishwa", wakati neno kweli hapo linaweza kuandikwa kwamba umekiri kosa. Jibu si kweli, basi, maelezo yana siku yake. Na sikiliza hati ya mashtaka inavyosomwa, eneo, tarehe, namba ya chombo, mwendo wanaodai, uyakumbuke maana ndo mambo wanayotakiwa wayathibitishe. Usiogope lugha, tangu mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na lugha ya mahakama ni Kiswahili. Mimi sikuwa na wakili. Ukiwa naye vizuri ila kwa kosa la faini ndogo wengi hatumudu, na hakimu akiona huna wakili anakuelekeza hatua kwa hatua, wa kwangu alifanya hivyo kwa upole tu.

Baada ya hapo kesi inapigwa tarehe. Itaahirishwa, shahidi hajafika, mwendesha mashtaka ana udhuru, hakimu yuko kwenye kikao. Hapa ndo wengi wanakata tamaa na kuacha kwenda, na usipokwenda dhamana inafutwa unatolewa hati ya kukamatwa, kesi ya spidi inageuka kitu kingine kabisa. Nenda kila tarehe hata kama unajua itaahirishwa. Na kila inapoahirishwa kwa sababu ya upande wao, simama umkumbushe mheshimiwa kwamba wewe umefika na shahidi wako amefika, yanaandikwa kwenye jalada na yana uzito, maana upande wa mashtaka wakishindwa kuleta mashahidi kila mara hakimu anaweza kuwafungia ushahidi wao.

Wa kwangu walikuja. Shahidi wa kwanza alikuwa yule aliyeniandikia. Akaeleza vizuri kabisa, alitumiwa picha, akaambiwa asimamishe pikipiki nyekundu yenye gunia, akanisimamisha. Ilipofika zamu yangu kuuliza nikamuuliza, shahidi, wewe ulikuwa unaiona tochi ikinipima? Akasema hapana, alikuwa mwenzangu. Nikauliza, hapo uliposimama unaweza kuona pikipiki ilipopigwa? Akasema hapana, kuna kona. Nikauliza, kwa hiyo ulijuaje ni mimi? Akasema pikipiki nyekundu yenye gunia. Nikamuuliza, kwenye njia ile asubuhi zinapita pikipiki ngapi nyekundu zenye magunia ya mkaa? Akakaa kimya kidogo akasema nyingi. Sikuongeza neno. Ukipata jibu unalolihitaji nyamaza ukae chini, ukiendelea kuuliza utampa nafasi ya kulirekebisha.

Alafu wakataka kutoa ile picha iwe kielelezo, iliyochapishwa kwenye karatasi. Hakimu akaniuliza kama nina pingamizi, na mkuu hii nafasi ni moja, ikipokelewa bila kupinga inakuwa ngumu huko mbele. Nilisema napinga kwa sababu aliyeileta sio aliyeipiga, imetoka kwenye tochi ikaenda kwenye simu moja ikatumwa WhatsApp kwenye simu nyingine ikachapishwa, na hamna aliyeeleza mahakama imetunzwaje katikati hapo. Sikubuni mimi hoja hiyo, ipo kwenye Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kifungu cha 18, inasema ushahidi wa kielektroniki unakubalika, hauwezi kukataliwa eti kwa sababu tu ni wa kielektroniki, lakini uzito wake unapimwa kwa kuangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na ulivyotumwa kama ni wa kuaminika, na aliyeutoa anatambulikaje. Picha ilisubirishwa mpaka alipokuja mwenye tochi, yeye ndo aliitoa na ikapokelewa. Kwa hiyo sikushinda pingamizi lote, lakini nilipata kile nilichokitaka, mtu aliyeshika tochi aje asimame pale aulizwe.

Na yeye nilimuuliza mambo machache tu. Namba ya pikipiki iko wapi kwenye picha hii? Haionekani. Hii Noah iliyo pembeni mwendo wake ulikuwa ngapi? Hakuipima. Kama hukuipima unaiambiaje mahakama kwamba 73 ni ya pikipiki sio ya Noah inayoipita pikipiki? Akasema alilenga pikipiki. Nikauliza kipimo hiki mara ya mwisho kimehakikiwa lini, ana cheti? Akasema vyeti vinakaa ofisini. Afande yule sikumuona kama mtu mbaya, alijibu kwa ukweli anachokijua na kazi yake ni ngumu, juani siku nzima. Lakini upande wa mashtaka ndo wenye mzigo wa kuthibitisha pasipo kuacha shaka, mimi sikutakiwa kuthibitisha kwamba nilikuwa 45.

Nilikutwa na kesi ya kujibu, maana yake hakimu aliona ushahidi wao unatosha mimi nitakiwe kujitetea. Nikajitetea kwa kiapo, nikaeleza nilikotoka, mzigo, rasta, Noah, abiria wangu akaeleza vilevile kwa maneno yake mwenyewe. Usimfundishe shahidi cha kusema, mwambie aseme alichokiona basi. Nilikuwa nimerudi pia eneo lile nikapiga picha rasta na kibao cha 50, nikazionyesha na nikaulizwa maswali nikajibu. Hukumu ikasema picha haitambulishi chombo na kuna shaka kipimo kilikuwa cha nani, nikaachiwa huru.

Sasa kwako. Kabla ya kuamua rudi pale ulipopigwa uangalie vibao. 50 inaanzia wapi na kibao cha kumaliza 50 kiko wapi, maana njia nyingine vibao vimeng'olewa vimeuzwa chuma chakavu, na kama ulipigwa baada ya kibao cha kumaliza hoja yako ni tofauti na yangu na pengine ni nzuri zaidi. Kumbuka picha yako ilikuwa ya mbele au ya nyuma. Kama ni ya nyuma, namba inasomeka na uko peke yako barabarani, kwa kweli kesi yako ni nyembamba, na ukishindwa faini anapanga hakimu, hafungwi na elfu kumi ya trafiki, na inabaki kuwa hukumu ya jinai yenye jina lako. Na kama moyoni unajua ulikimbia, lipa. Kwenye zile 50 watoto wanavuka kwenda shule, nimeshamuokota mwenzetu barabarani na sitaki tutumie mahakama kujificha. Ninachopigania ni yule ambaye hakukimbia.

Ukiachiwa usiondoke mahakamani mikono mitupu. Omba nakala ya hukumu yenye muhuri, ipeleke ofisi ya trafiki kule ulikoandikiwa, maana mfumo haujui kilichosemwa na hakimu. Deni langu lilibaki linasoma, nikasimamishwa tena njia nyingine kabisa nikaambiwa nadaiwa, nikatoa nakala kwenye begi nikaruhusiwa kuondoka. Lilikuja kufutwa baada ya kufuatilia ofisini, na mpaka leo nakala natembea nayo, na nyingine anayo tajiri.