Maswali ya Wasomaji: Faharasa Ipo, Mbona Hifadhidata Bado Inajikokota?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni msimamizi wa mfumo wa chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa hapa Mbale. Tunatumia hifadhidata ya MySQL 8.0, na jedwali letu la miamala limekwisha kupita rekodi 800,000. Zamani karani alipoandika nambari ya simu ya mwanachama, miamala yake ilijitokeza papo hapo. Sasa anangoja sekunde 12, na msimu wa kahawa foleni hufika hadi barazani. Safuwima ya simu ni ya aina ya VARCHAR(15), yaani maandishi ya hadi herufi 15, nami nimeiwekea faharasa (index), ile orodha iliyopangwa ya kutafutia rekodi upesi, kama nilivyofundishwa, lakini hakuna kilichobadilika. Mwenyekiti yuko tayari kununua seva yenye kumbukumbu maradufu. Je, nimwambie anunue? Ulizo (query) lenyewe, yaani agizo la kutafuta data, ni hili:

SELECT * FROM miamala WHERE simu = 0700000000;

D.W., Mbale

JIBU: Ndugu D.W., mwombe mwenyekiti azishike fedha zake kwanza. Ugonjwa umo katika mstari huo mmoja ulioniandikia, na tiba yake haigharimu hata shilingi: nambari ya simu haikutiwa ndani ya alama za kunukuu.

Kwako wewe na kwangu hiyo ni nambari ya simu, lakini kwa MySQL kinachoandikwa bila alama za kunukuu ni namba ya hesabu, ilhali kilichohifadhiwa katika safuwima yako ni maandishi. Inapolazimika kulinganisha vitu vya aina hizo mbili, MySQL huyageuza maandishi kuwa namba, na hapo faharasa haiwezi kuitumikia tena, kwa sababu maandishi mengi tofauti huzaa namba ile ile moja: '0700000000', '700000000', na hata hiyo hiyo ikitanguliwa na nafasi tupu. Faharasa imepangwa kwa mfuatano wa herufi, kwa hiyo hayo yote yamekaa kurasa mbalimbali, wala hakuna ukurasa mmoja wa kufungua. Linalobaki ni kusoma rekodi zote 800,000, kugeuza kila nambari, kisha kulinganisha. Kinachoniudhi katika kosa hili ni kwamba jibu linalorudi kwa kawaida huwa sahihi, hivyo hakuna anayelishuku mpaka jedwali linenepe.

Usiniamini kwa maneno matupu. Tanguliza neno EXPLAIN, linaloiagiza MySQL ieleze itakavyotafuta, mbele ya ulizo lako, kisha tazama sehemu tatu tu za jibu utakalopata. Chini ya possible_keys utaliona jina la faharasa yako, maana yake mfumo unajua kwamba ipo. Chini ya key utakuta NULL, yaani patupu, maana yake mfumo umeamua kutoitumia. Na chini ya type utakuta ALL, yaani jedwali zima linasomwa. Ukiagiza SHOW WARNINGS mara baada ya hapo, MySQL yenyewe itakuambia kwamba faharasa imeshindikana kwa sababu ya kugeuzwa kwa aina. Sasa andika simu = '0700000000' na urudie EXPLAIN: type itakuwa ref, yaani faharasa inatumika, na makadirio ya rekodi za kusomwa yatashuka kutoka laki kadhaa hadi kwenye idadi ya miamala ya mwanachama huyo mmoja.

Kisha ingia ndani ya programu yenu. Kwa kawaida ulizo la namna hii haliandikwi na mtu kwa mkono, bali programu huipokea nambari kutoka kwenye fomu, huifanya namba kamili, halafu huipeleka hivyo kwenye hifadhidata. Hapo ndipo pa kurekebisha. Ukiwa hapo, kagua pia namna nambari zinavyohifadhiwa. Karani mmoja huandika 0700000000, wa pili huanza na 256, wa tatu huweka nafasi katikati ili isomeke vizuri. Huyo wa tatu ndiye wa hatari zaidi kwa ulizo lako la sasa, kwa sababu MySQL ikigeuza '0700 000 000' kuwa namba huishia kwenye nafasi ya kwanza na kupata 700, na mkulima ataambiwa hana akaunti ilhali anayo. Chagueni umbo moja, na programu iilete kila nambari katika umbo hilo kabla ya kuihifadhi. Wala usishawishike kuibadili safuwima iwe ya namba; sifuri ya mwanzo itapotea, na simu hazijumlishwi wala kuzidishwa.

Ugonjwa huu una ndugu zake. Ukiunganisha majedwali mawili kwa safuwima ya simu, moja ikiwa ya maandishi na nyingine ya namba, utaangukia shimo lile lile. Vivyo hivyo ukiandika YEAR(tarehe) = 2024, faharasa ya tarehe inakaa bure kwa sababu umeificha tarehe ndani ya hesabu; andika badala yake tarehe >= '2024-01-01' AND tarehe < '2025-01-01'.

Kuhusu kumbukumbu, kabla hata ya kutaja bei, angalia thamani ya innodb_buffer_pool_size, yaani kiasi cha kumbukumbu ambacho MySQL imetengewa kuwekea data inayoitumia. Isipobadilishwa na mtu, huwa ni megabaiti 128, hata kama seva ina gigabaiti 16, na ukinunua nyingine 16 utakuwa na kumbukumbu nyingi zaidi isiyoguswa. Katika seva inayoendesha hifadhidata peke yake, watu wengi huipa nusu hadi robo tatu ya kumbukumbu yote, na katika toleo lenu hilo hufanyika bila kuizima seva.

SWALI: Kila jioni tunapakia faili la malipo ya simu lenye mistari 3,000, na kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Rafiki yangu amenishauri niweke innodb_flush_log_at_trx_commit kuwa 2, na kweli kasi imepanda sana. Kuna madhara? N.A., Arua

JIBU: Yapo, hasa panapokatika umeme mara kwa mara. Thamani ya kawaida, 1, huhakikisha kwamba kila muamala uliothibitishwa umefika kwenye diski. Ukiweka 2, data husukumwa diskini mara moja tu kwa takriban kila sekunde, na umeme ukikatika katikati, miamala ya sekunde hiyo yaweza kupotea ingawa mteja amekwisha kuambiwa kwamba fedha zimepokelewa. Kwa takwimu za watembeleaji ningekubali. Kwa fedha za watu, hapana.

Tena huna haja nayo. MySQL, isipoambiwa vinginevyo, huthibitisha kila agizo peke yake, kwa hiyo mistari 3,000 ikiingizwa mmoja mmoja ni safari 3,000 za kuingoja diski. Anza kwa START TRANSACTION (fungua muamala), ingiza mistari 1,000, kisha COMMIT (uthibitishe), na ufanye hivyo mara tatu. Rudisha ile thamani kuwa 1 leo hii, kisha upime upakiaji wa kesho jioni. Ikiwa bado unachukua dakika, nitumie matokeo ya EXPLAIN ya ulizo linalokagua malipo yaliyojirudia, kwa maana nashuku programu yenu hulitekeleza kwa kila mstari.