Ekzosi ya Caterham imegeuka bluu, alumini imefifia: nianzie wapi?

SWALI: Habari fundi. Nina Caterham Seven, lile gari dogo la michezo la wazi. Boneti na mbavu zake ni alumini tupu isiyopakwa rangi. Pua na madigadi ni faibaglasi iliyopakwa rangi. Nilipulizia dawa kali ya kutoa grisi kwenye injini, ikachuruzika, na sasa alumini ina ukungu mweupe wenye michirizi. Ekzosi ya stenlesi inayopita ubavuni imekuwa ya manjano, na kwenye kona karibu na injini ni bluu. Kuna pia soli ya kiatu iliyoyeyukia juu yake. Nilisugua kwa stilwaya, siku chache baadaye vikaota vidoa vya kutu. Nitarudishaje mng'ao, na nizuieje hiyo bluu isirudi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Vyote hivyo vinatengenezeka, ila kwanza tutenganishe mambo. Ukungu ni alumini iliyoliwa na dawa. Kutu imetoka kwenye stilwaya, si kwenye ekzosi. Bluu imeletwa na joto. Uchafu wa kweli hapo ni soli ya kiatu peke yake. Ukivishambulia vyote vinne kwa dawa moja, kimoja kitapona na kingine kitaumia.

Na gari lako halina nyama ya kuchezea. Tangu Lotus ilipoitoa Seven mwaka 1957, na Caterham ilipochukua haki za kuiunda mwaka 1973, umbo lake kwa sehemu kubwa ni lile lile: fremu ya mabomba ya chuma, juu yake mabati membamba ya alumini yaliyopigwa ribiti. Wepesi huo ndio raha ya kuliendesha, na ndio sababu ya kulisugua kwa adabu.

Anza na kuliosha. Gari liwe limepoa kabisa, ekzosi ikiwemo. Ziba mdomo wa ekzosi na njia ya hewa ya injini kwa mifuko ya plastiki, na uning'inize kitambaa chekundu kwenye usukani kikukumbushe kuitoa kabla ya kuwasha. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia sponji. Mashine ya presha usiielekeze kwenye ribiti wala maungio ya mabati: maji yakijificha pale alumini inapogusana na chuma, hasa yakiwa na chumvi, alumini huanza kuliwa ndani kwa ndani na hutaiona mpaka ivimbe. Nyuma ya magurudumu ya mbele, mawe hurushwa moja kwa moja kwenye faibaglasi. Papitie kwa mkono mwepesi.

Sasa soli. Iondoe kabla ya kugusa alumini, kwa sababu unaweza kumwaga kitu. Toa mifuko, washa injini dakika moja au mbili, ekzosi ipate uvuguvugu tu, uzime, uvae glavu, halafu ukwangue kwa kipande cha mbao ngumu. Mpira ukilainika hutoka kama ulimbo. Acha ipoe kabisa, kisha mabaki uyafute kwa asetoni. Asetoni hushika moto upesi, na ukiidondosha kwenye madigadi itakula rangi. Wengi watakushauri dawa ya kusafishia oveni. Kwenye stenlesi inafanya kazi kweli, lakini nyingi huwa na kostiki (soda kali inayounguza), na kostiki ndiyo adui mkubwa wa alumini. Ekzosi yako iko sentimita chache tu kutoka kwenye bati. Tone moja litakuachia alama kama hizo unazozilalamikia, labda mbaya zaidi. Mimi siitumii kwenye gari la aina hii isipokuwa ekzosi imefunguliwa na kuwekwa kando.

Vidoa vya kutu visikutishe. Stenlesi hulindwa na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu. Uliposugua, chembe za chuma cha kawaida zilikatika kutoka kwenye stilwaya zikabaki kwenye mikwaruzo, na hizo ndizo zinazoota kutu. Changanya asidi ya sitriki (ile ya kwenye limau) na maji ya uvuguvugu, loweka kitambaa, kibandike juu ya vidoa dakika 20 hivi, usugue kwa brashi ya nailoni, halafu suuza kwa maji mengi. Rudia kama vimebaki. Dawa yoyote yenye klorini, ikiwemo ya kung'arishia nguo nyeupe, iweke mbali: hutoboa stenlesi vishimo vidogo ambavyo polishi haivifikii.

Tuje kwenye bluu. Joto linapopanda, ule utando wa oksidi hunenepa, na mwanga unaoakisiwa juu yake na chini yake huchanganyika, kama unavyoona rangi kwenye mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kwa stenlesi ya kawaida, manjano hafifu hujitokeza kwenye nyuzi 290 hivi za Selsiasi, dhahabu iliyokolea kwenye 370, zambarau kwenye 450, na bluu kwenye 540. Kwa hiyo bomba lako linakusomea joto ambalo chuma chake kimefikia, kona kwa kona. Polishi ya metali itaifuta bluu vizuri tu. Lakini ukienda mwendo wa nguvu siku moja, itarudi mahali pale pale. Hakuna nta itakayoizuia: nta ya karnauba huyeyuka kabla ya nyuzi 90, kisha inaungua na kuacha doa la kahawia.

Ushauri wangu, na nausema baada ya kupolishi mabomba mengi ya namna hii: zile kona za karibu na injini ziache na rangi zake, zisafishe tu. Nguvu zako zipeleke kwenye sailensa, ambako joto ni dogo na mng'ao unakaa. Mikwaruzo ya stilwaya itoe kwa msasa wa maji, anzia namba 600, nenda 1000, kisha 2000, kila namba ukikatisha mwelekeo wa iliyotangulia mpaka mistari ya nyuma ipotee. Malizia na polishi. Kama ekzosi imepakwa kauri, usifanye lolote kati ya haya. Sabuni na maji yanatosha.

Alumini ndiyo kazi ya mikono. Jaribu kwanza polishi ya metali kwenye eneo la kiganja, chini, pasipoonekana. Ukungu ukitoka, usitumie msasa kabisa. Usipotoka, pitisha msasa wa maji namba 1500 kisha 2000, kwa kufuata urefu wa bati, na urudi kwenye polishi. Kitambaa kitakuwa cheusi kama masizi tangu mzunguko wa kwanza. Huo si uchafu, ni alumini yenyewe unayoitoa, na weusi hautaisha hata ukisugua wiki nzima. Kwa hiyo usikiangalie kitambaa, angalia bati: taa au dirisha likionekana ndani yake kwa kingo kali, acha. Mafuta meusi yanayobaki yapanguse kwa unga laini wa wanga na kitambaa safi cha maikrofaiba. Kuzunguka ribiti tumia mswaki laini, maana polishi iliyokauka pale huwa nyeupe na ngumu. Matundu ya hewa ya boneti yafanye kwa mkono; pedi ya mashine hunasa kwenye ukingo wake na kupinda bati. Funika diski za breki muda wote wa kupolishi. Ukimaliza, alumini unaweza kuipaka nta, ekzosi hapana.

Kabla ya kuwasha, toa mifuko kama uliirudisha, kisha ufute ekzosi yote kwa spiriti na kitambaa kipya, hata kama inaonekana safi. Jasho na mafuta ya vidole huungua na kuacha alama ya kidole iliyochorwa kwenye chuma, nami nimewahi kurudia bomba zima kwa sababu ya gumba moja. Halafu, tofauti na ule uvuguvugu wa kutolea soli, usiwashe dakika mbili na kuzima, kwani injini baridi hutoa maji ambayo hubaki kwenye sufi iliyojazwa ndani ya sailensa. Endesha mpaka joto lifike mwisho wa bomba na mvuke ukome kutoka.