Muulize Bwana Shamba: Ua jeupe juu ya mruka

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Kibosho, kwenye kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani, kuna mti wa mruka wa tangu enzi za babu, juu ya matawi kumeota kitu kina majani mazito na mizizi minene ya kijivu inaning'inia hewani, kikichanua maua ni meupe yana mkia mrefu na usiku yananukia balaa. Baba mdogo anasema kinanyonya mti, anataka tukitoe. Na kuna jamaa wa maua Moshi mjini anasema nimpelekee atanipa hela. Nikikipanda kwenye kopo la udongo si kitaishi tu?

JIBU: Marahaba. Kwenye udongo hakiishi, na huyo jamaa wa maua usimpe. Kwa maelezo yako hiyo ni okidi ya porini, kitaalamu Aerangis au ndugu zake wa karibu, na mizizi yake imezoea upepo, ukiifukia inakosa hewa inaoza. Ile rangi ya kijivu ni ngozi inayofyonza maji kama sponji, ikilowa inageuka kijani, mvua ikinyesha angalia utaona.

Baba mdogo mwambie kwa heshima kwamba hainyonyi. Mmea unaonyonya unachoma mizizi mpaka ndani ya tawi, huu umeshikilia gamba tu, maji unapata kwenye mvua na ukungu. Ule mkia nao ni kibomba, utamu uko chini kabisa, anayeufikia ni nondo mwenye mrija mrefu, ndo maana harufu inakuja usiku nondo wakiwa kazini, nyuki wa mchana haliwahusu.

Sasa tatizo ni kuipata nyingine. Tunda moja la okidi lina mbegu maelfu kwa maelfu lakini ni vumbi tupu, hazina akiba ya chakula, mbegu isipokutana na kuvu wa kuilisha haioti, na ikiota inachukua miaka kabla ya ua la kwanza. Inataka gamba linalokwaruza lenye kuvumwani, ule ukoga unaoota kwenye magome ya miti, unyevu, kivuli cha nusunusu, vitu ambavyo mruka wa babu unavyo na mti uliopandwa juzi hauna. Kwenye biashara wala tusidanganyane, kule Kitulo, nyanda za juu kusini, watu walichimba viazi vya okidi za ardhini vikapelekwa Zambia kupikwa chakula kinachoitwa chikanda, mpaka mwaka 2005 ikawa hifadhi ya taifa, na okidi zote za porini kuvusha mpaka kuna mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama pori, unaobana.

Ila tawi likivunjika lenyewe, hapo iokoe. Kata kipande cha tawi na gamba lake, usiibandue, kifunge kwa kamba ya katani kwenye mti mwingine mkongwe hapohapo kihambani, kimo kilekile na kivuli kilekile, masika ndo muda mzuri. Na mbolea usiweke.