Santuri Ina Pande Mbili, Mwanangu

*Shangazi, tuko marafiki saba tunaopenda muziki, mke wangu akiwemo. Kila wiki mmoja anapendekeza albamu, wengine wanaisikiliza na kutoa maoni bila kuoneana haya. Zamu ya mke wangu alileta A Love Supreme ya John Coltrane, yule mpiga saksafoni wa jazi wa Marekani. Akaniachia santuri yake mwenyewe, akasisitiza nisome maandishi ya ndani ya jalada, nikaona ananipa kazi ya shule. Nilikaa nayo jioni nzima, simu mkononi, ikapiga mwanzo hadi mwisho bila mimi kunyanyuka kitini. Mbele ya wenzetu nikasema ukweli: saksafoni inalia kama mlango usiotiwa mafuta, na hakuna anayetamka hata neno moja. Wote wakacheka. Tangu siku hiyo hanisemeshi ila kwa shughuli za nyumba. Zamu yangu ilipofika, yeye alisema dramu zimerekodiwa vizuri ila nyimbo mbili za mwisho zingeachwa, na mimi sikununa. Shemeji ananiambia nimekosa. Kusema ukweli ni kosa? – Msema Kweli*

Pole, mwanangu. Kuishi na mtu asiyekusemesha ni mzigo. Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza niliipitia juujuu kama ulivyoipitia ile albamu. Unasema ilipiga mwanzo hadi mwisho bila wewe kunyanyuka. Kwa mashine gani hiyo? Santuri hugeuzwa. Upande wa kwanza wa hiyo unayoisema una vipande viwili tu, na baada ya robo saa hivi sindano inafika katikati, basi. Asiyeinuka hasikii kingine. Albamu nzima ni vipande vinne, dakika 33 hivi. Kwa hiyo ile jioni nzima yako ilikuwa robo saa ya Coltrane, na saa zilizobaki ulikuwa na simu.

Hata hiyo robo saa naitilia shaka. Kipande cha kwanza kinapokaribia kuisha, inasikika sauti ya mtu ikirudia jina la albamu, tena na tena, ikifuata noti nne za besi. Ni maneno matatu, lakini ni maneno. Wewe umesimama mbele ya watu ukasema hakuna linalotamkwa. Ukweli wako uko wapi hapo, Msema Kweli?

Sasa tuje kwenye jalada, maana hapo ndipo ulipomuumiza. Coltrane alitunga shairi la kumshukuru Mungu, na albamu ilipotoka mwaka 1965 shairi hilo lilichapwa ndani ya jalada. Kipande cha nne, kile kinachofunga upande wa pili ambao hukuugeuza, saksafoni inalisoma shairi lenyewe, silabi kwa silabi. Ukiweka kidole kwenye mstari ukasikiliza, unaona mstari unakoma pale pumzi yake inapokoma. Mke wako alitaka uone hilo. Alikupa kitu anachokipenda na namna ya kukiingia, ukamrudishia kicheko cha watu watano. Ningekuwa yeye, hata hizo shughuli za nyumba nisingekusemesha.

Na usiniletee habari ya kwamba naye alikukosoa. Kumbuka alivyosema: *nyimbo mbili za mwisho*. Alifika mwisho! Alitaja kilicho kizuri, akataja kinachozidi, na mahali kilipo. Hayo ndiyo maoni ya kweli, tena makali. Wewe ulitafuta mzaha, ukaupata.

Siku hizi kila mtu ni mkweli. Naletewa barua za wanandoa wanaoambiana ukweli asubuhi, mchana na jioni, na kila ukweli una hadhira. Mume anamhurumia rafiki mwenye albamu mbovu kwa sababu hataki kumpoteza, halafu akirudi kwa mkewe anajiona huru kumkata bila ganzi, kwa kuwa mke yupo tu, haendi popote. Wazee walisema ulimi hauna mfupa. Wangewaona ninyi wangeongeza kuwa hauna hata kituo.

Sikutumi umdanganye. Atajua, kwani masikio yake yanaonekana kuwa mazuri kuliko yako. Kwanza mwombe radhi, na kwa kuwa ulimcheka hadharani, radhi nayo iende hadharani, mbele ya wale wale watano. Uwaambie pia kwamba ulisikiliza nusu. Kisha mwombe tena ile santuri. Simu iache chumba kingine, jalada liwe mapajani. Ukimaliza, kama bado huipendi, mwambie hivyo wewe na yeye, na umwonyeshe ni kipande gani kilikuchosha na kilianzia wapi kukuchosha. Anaweza kukubishia. Kubishiwa ni nafuu kuliko hiki kimya mlichonacho.

Na baada ya robo saa utasikia sindano inakwaruza katikati. Inuka.

– Shangazi