Dramu mashini na kompyuta: kuchelewa si kuyumba

Umenunua dramu mashini yako ya kwanza, pengine Volca ya mtumba (mashine ndogo ya kampuni ya Korg), umechomeka waya kwenye kompyuta na kubonyeza plei. Kiki ya mashine na kiki ya kompyuta zinasikika kama watu wawili wanaogonga mlango mmoja. Wengi hapo huanza kununua waya mpya, kubadilisha programu na kuilaani mashine. Kabla hujatoa hela, jiulize: mashine inachelewa, au inayumba? Ikichelewa, kila pigo linakuja nyuma kwa kiasi kilekile. Ikiyumba, pigo hili limechelewa kidogo, lile zaidi, linalofuata liko sawa. Dawa ya ugonjwa mmoja haitibu mwingine.

Elewa kwanza kinachopita kwenye ule waya. Ni MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vya umeme na kompyuta huambiana. Saa ya MIDI haibebi namba ya tempo. Kompyuta haiiambii mashine kwamba tunakwenda mapigo 125 kwa dakika. Inatuma tiki 24 kwa kila pigo, basi, na mashine inakokotoa yenyewe. Kwa tempo ya 125, tiki zinapishana kwa milisekunde 20. Ndiyo maana kioo cha mashine kinaweza kuonyesha 124.8, mara 125.1, na namba hiyo isikunyime usingizi. Swingi, yaani kule kuchelewesha makusudi baadhi ya mapigo ili mdundo ubembee, nayo haisafiri na saa. Ukiweka swingi kwenye haihati za kompyuta na mashine ukaiacha imenyooka, zitagombana hata kama saa ni safi kabisa, na utajikuta unatafuta kosa la waya ambalo halipo.

Pamoja na tiki zinakwenda amri za kuanza, kusimama na kuendelea, na taarifa ya mahali wimbo ulipofika. Hiyo ya mwisho mashine nyingine haziielewi. Ukianzia katikati ya wimbo, mashine ikaanza patani yake (mdundo uliopangwa ndani yake) kutoka hatua ya kwanza, haijaharibika. Simamisha, rudi mwanzo wa baa, anza upya.

Kiongozi awe mmoja, kwani mafahari wawili hawakai zizi moja. Kwa anayeanza nashauri kompyuta iongoze, maana rekodi yote iko huko. Kwenye programu ya kurekodi ya Ableton Live, nenda kwenye mipangilio ya MIDI, tafuta mlango wa kutokea unaokwenda kwa mashine na uwashe “Sync”. “Track” iwashe tu kama unataka kutuma noti. Upande wa kuingilia acha Sync imezimwa. Kwenye mashine yenyewe, chagua saa ya nje. Ukiwa unatuma noti kutoka kompyuta huku patani ya ndani ya mashine nayo inacheza, kila kitu kitagongwa mara mbili. Chagua njia moja.

Sasa tuje kwenye kupima. Masikio yanakuambia kuna tatizo, lakini hayakuambii kiasi. Fanya hivi: kwenye kompyuta weka mlio mfupi kwenye kila pigo. Kwenye mashine weka kiki kwenye kila pigo, bila kitu kingine. Rekodi sauti ya mashine kwa baa 16 au zaidi, kisha kuza picha ya mawimbi mpaka uone pale kiki inapoanza kupanda. Pima umbali kutoka kwenye mstari wa pigo. Rudia kwenye baa ya tano, ya tisa, ya mwisho.

Ukipata milisekunde 14, 14, 13, 14, furahi. Huko ni kuchelewa, na kunatibika kwa namba moja: Live ina sehemu ya kusogeza saa kwa kila mlango, weka hasi 14, yaani saa itoke mapema. Programu nyingine nyingi zina kitu cha aina hiyo. Ila bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulikusanya kabla ya kulitoa, usiiguse tena baada ya hapo. Bafa ya sampuli 512 kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni karibu milisekunde 12, ya 256 ni karibu 6. Ukiibadilisha, kipimo chako kimekufa na unapima upya.

Ukipata 6, 15, 9, 18, hakuna namba ya kukuokoa. Chomoa habu ya USB, chomeka moja kwa moja. Achana na MIDI ya bluetooth kwa kazi hii. Punguza plagini zinazobebesha kompyuta mzigo. Dramu mashini ipe mlango wake peke yake, usiichanganye na sinthesaiza inayopokea kodi nene (noti nyingi kwa pamoja) na taarifa za vitufe vinavyozungushwa. MIDI ya pini tano ni ya mwaka 1983 na kasi ya waya ule ni ileile: noti moja inachukua karibu milisekunde 1 kupita. Kodi ya noti 8 iliyobonyezwa kwa pamoja inafika ikiwa imechanika, ya mwisho ikiwa nyuma ya ya kwanza kwa milisekunde 7 hivi. Kwenye wimbo wa taratibu hutajua. Kwenye singeli inayofika mapigo 200 kwa dakika, ambako hatua moja ya robo ya pigo ni milisekunde 75 tu, utajua.

Na kama bado inayumba, kuna njia ninayoipenda kuliko zote, nayo ni kuacha MIDI na kutumia sauti. Volca ina tundu dogo la sync (la kufuata saa ya nje) linalosubiri mshituko wa umeme mara mbili kwa kila pigo. Tengeneza traki yenye mlio mfupi mkali kwenye kila nusu pigo, itoe kwenye tundu la ziada la saundi kadi, waya wa mono mpaka kwenye mashine, kisha pandisha sauti mpaka mashine iitike. Mlio huo unatoka pamoja na sauti nyingine zote za wimbo, sampuli kwa sampuli, kwa hiyo kuyumba kwa MIDI kunakwisha. Hakikisha traki hiyo haifiki kwenye spika, inachoma masikio.

Ukiangukia mashine ya zamani kama TR-808 ya mwaka 1980, tundu lake la pini tano si MIDI hata kama waya unaingia. Ni sync ya Roland, waliotengeneza mashine hiyo, tiki 24 kwa kila pigo, na Korg wa enzi hizo walitumia 48. Unahitaji kisanduku cha kutafsiri katikati.

Ukishapata patani unayoipenda, irekodi kama sauti siku hiyohiyo, kila ngoma kwenye traki yake kama mashine ina matundu ya kutosha. Pigo lililobaki nyuma utalivuta kwa mkono, na mashine unaweza kuizima.